Picha ya Mama wa Gulioni: Yale Niliyowaambia Vijana Wenzangu Tarakea

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye semina ya vijana wa chama Tarakea, kwa wale wanaosimamia kurasa na magrupu yetu ya mtandaoni. Wengi mliomba nakala. Nimeyaandika karibu kama nilivyosema, nimepunguza tu pale tulipokatizwa na mvua kwenye mabati.)

 

Nimepewa mada ndefu kweli: "Wajibu wa kisheria na kimaadili katika kazi ya uhusiano na uenezi." Ukiisoma tu unaanza kusinzia. Nitaifupisha hivi: mtu anayesema kwa niaba ya wengine anawajibika kwa nani? Maana humu ndani naona katibu mwenezi wa kata, naona wanaoendesha kurasa zetu za Facebook na Insta, naona yule dada anayetutengenezea mabango kwa simu usiku kucha kwa bando lake mwenyewe. Wote nyie ni maafisa uhusiano, tofauti ni kwamba hamlipwi. (Mnacheka, lakini hilo nalo ni suala la maadili, na viongozi wa jimbo mmelisikia.)

Nianze na kosa langu, ili nikimaliza asiwepo wa kuniambia "na wewe je?"

Nilipokuwa likizo ya mwaka wa pili nilishuka gulioni hapa hapa Tarakea. Nikamkuta mama mmoja anauza ndizi na maharage, ananung'unika kwamba siku hiyo katozwa ushuru mara mbili na hajapewa stakabadhi ya mara ya pili. Nikamsalimia, tukaongea kama dakika kumi. Nikampiga picha. Hakukataa, ila pia sikumuuliza naitaka ya nini. Jioni nikaiweka mtandaoni na maneno makubwa chini yake: "Serikali hii imeniua nikiwa hai." Mama hakusema hivyo. Alisema katozwa mara mbili. Hayo ya kuuawa akiwa hai yalikuwa yangu, niliona yanapendeza zaidi.

Ile posti ilitembea. Ilisheaiwa hadi Dar, mpaka na watu wa ng'ambo Loitokitok. Nikajiona mwanaharakati.

Baada ya siku chache watu wawili wakaenda kwenye genge la yule mama. Wakamuuliza nani kamfundisha kusema yale na yuko chama gani. Yeye hana chama. Hana hata simu ya kuonea hiyo picha. Siku mbili za gulio zilizofuata hakutokea kabisa, na kwa mtu anayekula kwa kuuza, kukosa magulio mawili ni kukosa ada ya mtoto. Nilijua hayo pale alipokuja nyumbani kwetu kumuuliza mama yangu, kwa upole kabisa, "Mwanao nilimkosea nini?"

Mama yangu hakuniambia kitu. Alinyanyuka akaenda kukoroga uji. Mnaowajua mama wa Kirombo mnajua kwamba hiyo ni mbaya kuliko kuchapwa.

Ndiyo maana nilikubali kuja kuzungumza leo.

Nikirudi chuoni nikaifungua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Wengi tunadhani ni sheria ya mabenki na kampuni za simu. Isomeni. Taarifa zinazoonyesha msimamo wa kisiasa wa mtu zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na kwa hizo sheria inataka ridhaa ya maandishi. Sasa mimi nilimchukua mtu asiye na chama, nikamvalisha msimamo wa kisiasa, nikambandika na sura yake. Katiba yetu ibara ya 16 inatambua haki ya mtu kuheshimiwa faragha yake. Ibara hiyo hiyo tunaipigia kelele polisi wakichukua simu zetu. Yule mama naye ni raia wa katiba hiyo hiyo.

Lakini tuseme sheria isingekuwepo. Ningekuwa sina kosa? Hapo ndipo sheria na maadili vinapoachana njia, na nitawapa mfano kutoka ng'ambo ya mpaka, tunakoona taa zao usiku.

Wengi wenu mnakumbuka 2017. Simu zetu hapa zinashika mtandao wa Kenya bila kuombwa, kwa hiyo kampeni zao zilitufikia kama vile sisi ni wapiga kura. Kuna video fupi ilizunguka, inaonyesha Kenya ya mwaka 2020 chini ya Raila: njaa, magaidi, vita. Ilitoka kwenye ukurasa unaoitwa The Real Raila. Hakuna aliyejua nani mwenyewe. Mwisho wa mwaka huo shirika la Privacy International la Uingereza likachapisha uchunguzi ulioihusisha na kampuni ya Harris Media ya Texas, Marekani. Yaani kijana amekaa Texas, hajui ugali, anatengeneza hofu ya kulisha watu wa Kisumu na Eldoret, nchi ambayo miaka kumi kabla ilikuwa imechinjana baada ya uchaguzi.

Halafu Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ikarusha mazungumzo yaliyorekodiwa kwa siri. Bosi mmoja wa Cambridge Analytica, Mark Turnbull, anajisifu kwamba wao ndio walioijenga upya sura ya chama kile mara mbili, wakaandika ilani na hotuba, karibu kila kitu. Jubilee wakajibu kwamba waliajiri kampuni mama, SCL, kwa kazi ya kujitangaza tu. Nani mkweli hapo, tuwaachie wao. Cambridge Analytica ilifungwa Mei mwaka huo huo kwa kashfa ya taarifa za Facebook.

Sasa hiki ndicho nilichotaka mkisikie: mwaka 2017 Kenya haikuwa na sheria ya kulinda taarifa binafsi. Ilipatikana Novemba 2019. Kwa hiyo ukiwauliza hao jamaa, watakwambia "tulivunja kifungu gani?" Na kweli, kwa kiasi kikubwa hawakuwa na kifungu cha kuvunja. Ila uchaguzi ule ulifutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, ukarudiwa Oktoba, na watu walikufa katikati ya hapo. Sisemi video ile iliwaua. Nasema kuna watu walilipwa kumwaga petroli, na utetezi wao ni kwamba hakukuwa na kibao cha "usimwage petroli hapa."

Mfano wa pili ndio naupenda zaidi, kwa sababu ndani yake kuna chama cha upinzani kilichotumia akili.

Kulikuwa na kampuni ya London inaitwa Bell Pottinger. Si kampuni ya uchochoroni. Mwasisi wake Tim Bell ndiye aliyemsaidia Margaret Thatcher kampeni zake. Mwaka 2016 wakachukua kazi ya kampuni ya familia ya Gupta kule Afrika Kusini, wale marafiki wa Rais Zuma waliokuwa wanatuhumiwa kuiweka serikali mfukoni. Malipo: pauni laki moja kwa mwezi. Kazi yenyewe ilikuwa nini? Kugeuza mazungumzo. Watu wakiuliza "kwa nini akina Gupta wanateua mawaziri?", wao wanajibu "adui ni mtaji wa wazungu." Akaunti feki zikajaa Twitter zinaimba wimbo huo huo.

Na hapa muwe makini. Pengo la mali kati ya weupe na weusi Afrika Kusini si uongo, ni donda la kweli. Ndiyo maana kampeni ile ilikuwa chafu kiasi kile: walichukua maumivu ya kweli ya maskini wakayafanya pazia la kuficha wezi. Mimi nikisoma hilo nilimkumbuka yule mama. Ushuru mara mbili ulikuwa kweli. Mimi nikaufanya pazia la kunipandisha chati.

Sasa chama cha DA, waliokuwa wapinzani wa huko wakati ule, wangeweza kufanya nini? Wangeweza nao kununua akaunti feki elfu kumi wajibu mapigo. Hawakufanya hivyo. Walichukua kanuni za maadili za chama cha kampuni za uhusiano cha Uingereza, PRCA, wakasoma kifungu kwa kifungu, wakaandika malalamiko wakayapeleka London. Septemba 4, 2017 Bell Pottinger ikafukuzwa uanachama kwa angalau miaka mitano. Mkurugenzi wake mkuu alishajiuzulu siku moja kabla. Wateja wakakimbia kama nyuki walioona moshi. Wiki haijazidi sana, kampuni ikawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi.

PRCA si mahakama. Haina polisi, haina gereza. Ilikuwa na karatasi ya maadili tu na watu walioamua kuitumia. Nataka vijana wa upinzani wa Rombo walale na hilo kichwani.

Haya, turudi nyumbani.

Najua mnachowaza: "Dada, hizo za Ulaya. Hapa kwetu sheria ipo kutukamata sisi." Ni kweli, na sitawadanganya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inasema ukichapisha taarifa ya uongo kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma, faini yake si chini ya milioni tano au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Mwaka 2016 kijana wa hapo Arusha tu alitiwa hatiani kwa posti ya Facebook kuhusu rais wa wakati ule, akatakiwa kulipa milioni saba au aende jela miaka mitatu. Watu walichanga. Bob Wangwe naye alihukumiwa 2017 kwa alichoandika Facebook kuhusu Zanzibar, na Mahakama Kuu ikaja kumfutia hatia 2019. Miaka miwili ya maisha ya mtu hiyo.

Ni sheria mbaya. "Kupotosha umma" ni neno pana kama Ziwa Chala, kila mtu anaweza kuzama humo. Na vifungu vya namna hii vimeshawahi kupigwa: Machi 28, 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, pale pale Arusha, ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Walioshtaki walikuwa Baraza la Habari, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mtandao wa watetezi wa haki za binadamu. Kupigania sheria ibadilike ni kazi yetu, na siku nikiapishwa kuwa wakili nitaifanya bure.

Lakini sheria mbaya haifanyi uongo kuwa mzuri. Tena mimi kama mwanafunzi wa sheria nawaambia kwa ubinafsi kabisa: siku nitakapokuja kukutetea mahakamani, nataka nisimame niseme "mheshimiwa hakimu, alichosema mteja wangu ni kweli, ushahidi huu hapa." Usinifanye nisimame kutetea skrinshoti uliyoitengeneza kwenye simu. Ukidanganya, unamkabidhi mwendesha mashtaka zawadi, na unawaharibia wenzako kumi wanaosema kweli, maana kesho ukweli wao utaitwa "yale yale ya wapinzani."

Na akaunti feki. Nimeangalia grupu letu, mtu kaandika "fungueni akaunti tatu tatu." Nani huyo? Usinyanyue mkono. Desemba 2021 Twitter ilitangaza kuondoa akaunti 268 za Tanzania zilizokuwa zinatumika kupeleka malalamiko ya uongo dhidi ya FichuaTanzania na mwanzilishi wake, ili wafungiwe. Tulishangilia humu, tukasema mmeona uchafu wao? Basi tusiufanye. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa kwenye sheria hiyo hiyo ya 2015, ila hata bila sheria, umeshaona mtu mwenye hoja akihitaji watu hewa wa kumpigia makofi?

Hapo ndipo ninapofika kwa machawa. Tunawacheka sana wenzetu wa upande ule kwa uchawa, mtu anasifu mpaka anasifu mvua. Lakini chawa hana chama. Chawa ni afisa uhusiano aliyesahau kwamba kuna umma kwenye hilo jina la kazi. Nimeona machawa wa kwetu. Mwenyekiti akipiga chafya tunapewa posti saba. Wanachama wakiuliza mapato na matumizi ya mkutano, wanaambiwa ni mamluki. Kuwaita wanaouliza hesabu mamluki ni mbinu ya akina Gupta, tena hatulipwi hata hizo pauni.

Wapo humu wanaosoma mawasiliano kwa umma, na Mungu akipenda mtaajiriwa. Halmashauri, mashirika, kampuni za utalii za Moshi, mbuga. Msidhani kwamba kwa kuwa ni mpinzani utakwepa mtihani. Nawaulizeni: ungekuwa afisa habari wa hospitali ya serikali mwaka 2020 ungefanyaje? Mwanzoni mwa Mei hesabu za Korona zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikabaki hapo zaidi ya mwaka. Tukasikia papai na mbuzi wamekutwa na virusi, mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa. Na wewe mezani kwako kuna simu, mwandishi anauliza, "Wodi yenu imejaa?"

Nimeligeuza swali hili mara nyingi. Sitawaambia kila mtu angejitoa mhanga, mtu ana watoto. Lakini kuna ngazi. Kusema "siruhusiwi kulizungumzia hilo" ni kunyamaza, na mwenye masikio anaelewa. Kusema "wodi iko tupu" wakati umepita asubuhi ukaona vitanda koridoni, hiyo ni kushiriki. Mtu akimpeleka mama yake pale bila tahadhari kwa kuamini neno lako, mwajiri wako hatakwenda msibani kwa niaba yako. Kama unachofichwa ni wizi au hatari kwa watu, ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Ina matundu, ila isome kabla hujasema hakuna njia. Na mwombe bosi akuandikie agizo kwa maandishi. Mtashangaa maagizo mangapi yanakufa pale pale yakiombewa saini.

Bahasha nitalisema haraka. Tukiita waandishi wa habari, tuwape maji, taarifa iliyoandikwa vizuri na mtu wa kujibu maswali. Nauli inayotolewa ili habari iandikwe tunavyotaka ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haina kifungu kinachosema "isipokuwa upinzani." Najua waandishi wa mikoani wanalipwa kiduchu. Ni jambo la kuwasemea hadharani, si la kuwanunulia.

(Baada ya hapo yakaja maswali. Niweke moja tu. Kaka mmoja, dereva wa bodaboda wa pale stendi, aliniuliza: "Dada, wao wana redio, wana gazeti, wana kila kitu, na wanadanganya. Sisi tukisema ukweli mtupu tutashinda lini?")

Nilimjibu kwamba sijui lini. Ningemwambia mwaka fulani ningekuwa nimeshaanza kudanganya hapo hapo. Lakini nikamuuliza, abiria wako wa kila siku wanakupandia kwa nini, na pale stendi mko bodaboda arobaini? Akasema, "Wananijua, sizidishi nauli." Basi chama chetu hakina redio. Kina hilo tu la kutokuzidisha.

Mkaniuliza pia yule mama iliishaje. Nilienda kwake na mama yangu. Nilimpigia magoti nikamwomba radhi, nikafuta ile posti mbele yake, nikamweleza kwamba kufuta hakurudishi zilizosheaiwa. Akaniangalia muda mrefu, akasema: "Ushuru wenyewe bado wanachukua mara mbili. Hilo umeliandika wapi?"

Sikuwa nimeliandika popote.

Basi tukakaa, akanisimulia tena, polepole, na safari hii niliandika maneno yake. Tukatafuta wengine. Wanne walikuwa na stakabadhi za siku moja zinazopishana. Tuliandika barua bila picha, na majina yaliwekwa kwa waliotaka tu, ikapelekwa kwa diwani na nakala ofisi ya mkurugenzi, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Yule mama hakutaka jina lake liwepo, na halipo. Barua haijajibiwa mpaka leo ninapoongea.

Nakala ninayo kwenye mkoba. Jumamosi ijayo saa nne nitakuwa hapa hapa, na katibu mwenezi amekubali tuianze kampeni ya ushuru kwa barua hiyo. Kila mwenye posti anayotaka kuiweka aje nayo kwanza tuisome pamoja. Na aje na karatasi ya ridhaa, nimechapisha hamsini, ziko kwa yule dada wa mabango. Mumchangie bando.